Jibu: Je, ada ya viza ya Schengen ndiyo inayolipia mipaka ya Ulaya?

Mkuu, umeuliza kama zile euro 90 tunazolipa dirishani ndizo zinazoendesha mipaka ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Hapana. Ada ile, iliyopanda kutoka euro 80 mwezi Juni 2024, hubaki kwa nchi inayoshughulikia ombi lako. Ukiomba ya Uholanzi, inaingia Uholanzi. Wakikunyima hairudi, na hilo linaniuma sana nikifikiria mtu aliyejichangisha miezi mitatu.

Mipaka na sera ya viza vina mfuko wao ndani ya bajeti ya Umoja wa Ulaya ya 2021 hadi 2027, zaidi ya euro bilioni 6. Kwa kawaida mfuko hulipa hadi asilimia 75 ya gharama za mradi, nchi husika inamalizia. Wanachangiana kwa sababu ukishakaguliwa na kuingia Athens, kwa kawaida unafika Paris bila kukaguliwa tena mpakani, kwa hiyo Ugiriki inalinda mlango wa wote.

Mfuko huo unaruhusiwa kulipia hata vifaa vya ubalozini na mifumo ya kompyuta. Kile kioo kidogo chenye mwanga unachobandika vidole vinne, kisha gumba, kimo humo. Alama zako zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59, kwa hiyo kama ulishazitoa, waulize kwanza kabla hujakata tiketi ya basi kutoka Mwanza hadi Dar.