Siku tatu nje ya Kolkata: nenda Santiniketan, ila ulale huko

Mkuu, umesema semina yenu ya walimu wa sanaa huko Kolkata, India, inaisha Jumatano, ndege yako ni Jumapili, na katikati hapo unataka mahali pa karibu penye sanaa badala ya kuzurura madukani. Mdau mmoja hapo juu amekujibu kwamba Santiniketan ni "mji wa kawaida tu, saa mbili zinatosha".

Mimi nimesoma Kolkata miaka kadhaa na huko ndiko nilikokuwa nakimbilia honi za magari zikinishinda, kwa hiyo nichangie. Huyo mdau hajadanganya. Ukifika saa saba mchana wa Jumapili, ukapanda toto (vile vibajaji vya betri vimejaa huko), dereva akakuzungusha kwenye mageti sita akikuonyesha kila jengo kwa kidole, kisha ukala na kurudi, utaona mji wa kawaida wenye vumbi jekundu na watu wanaopiga selfi. Ila wewe ni mwalimu wa sanaa, na ule mji ulijengwa kuzunguka shule. Ukiuona siku ya kazi, asubuhi, ni kitu kingine kabisa.

Historia yake kwa kifupi. Mwaka 1863 Debendranath Tagore alipata eneo hapo, wilaya ya Birbhum, kama kilomita 150 kaskazini mwa Kolkata. Palikuwa uwanda mtupu, akajenga nyumba ya kutulia na kusali. Mwanawe Rabindranath, yule mshairi, akafungua shule hapo 1901 akiwa na wanafunzi watano, chini ya miti, kwa sababu yeye mwenyewe alichukia mno shule za kufungiwa ndani alizosoma utotoni. Mwaka 1913 akapata Nobel ya fasihi, mtu wa kwanza asiye wa Ulaya kuipata. Mwaka 1921 ile shule ikazaa chuo kikuu, Visva-Bharati, na mwaka 2023 UNESCO wakapaingiza kwenye urithi wa dunia. Hayo mengine utayasoma kwenye vibao.

Kufika ni rahisi. Treni zinatoka Howrah, stesheni kubwa ya Kolkata, na unashukia stesheni ya Bolpur, ndiyo ya Santiniketan, mwendo wa kama saa mbili na nusu. Wengi hupanda Shantiniketan Express inayoondoka saa nne na ushee asubuhi, lakini kama unaweza kuamka, chukua ya alfajiri. Tiketi usihangaike nazo mtandaoni, mfumo wao unamsumbua asiye na laini ya simu ya India. Nenda na pasipoti yako ofisi ya reli ya Fairlie Place, pale BBD Bagh, wana dirisha la wageni kutoka nje. Ndani ya treni nunua jhalmuri, bisi za mchele zilizochanganywa na kitunguu, pilipili na mafuta ya haradali, na tega sikio: waimbaji wa Baul, wale wa nyimbo za kiroho wanaotangatanga Bengal, hupanda njiani, wakaimba nyimbo mbili tatu na kushuka. Wape chochote.

Malazi yapo ya kila bei, ila hakikisha kabla hujalipa kwamba wanapokea wageni wa nje. Sheria inawataka hoteli wajaze fomu C kwa kila mgeni asiye Mhindi, na nyumba ndogo nyingi hazitaki huo usumbufu. Kuna moja walinikataa saa tatu usiku nikiwa na risiti mkononi. Jina naliacha. Piga simu kwanza.

Sasa Jumatano. Huko Jumatano ndiyo siku ya mapumziko, chuo na makumbusho vinafungwa, Jumapili watu wako kazini. Kwa hiyo wewe kufika Alhamisi ni bahati. Hiyo Jumatano asubuhi huwa kuna ibada kwenye Upasana Griha, jumba la vioo vya rangi lililojengwa 1891, ambalo halina sanamu wala picha ya mungu yeyote ndani. Utaliona kwa nje.

Usitegemee kuingia kila mahali. Tangu wakati wa korona eneo la ashram, ule uwanja wa mwanzo wa ibada na shule penye yale madarasa ya chini ya miti, limekuwa likifungwa kwa watalii, na utaratibu unabadilika mara kwa mara. Uliza getini, useme kwa upole kwamba wewe ni mwalimu. Ukiruhusiwa, kamera iweke mfukoni. Watoto wa Patha Bhavana, ile shule yenyewe, huanza masomo asubuhi mapema, sare zao za manjano, wanakaa chini kuzunguka mti na mwalimu anakaa kwenye kiti cha saruji kilichojengewa shinani. Walimu hawaitwi sir wala madam, wanaitwa kaka fulani, dada fulani. Hata ukiishia kuchungulia kupitia uzio utaelewa. Mvua ikinyesha somo linavunjika, watoto wanakimbilia barazani, na hakuna anayeona ajabu. Mimi niliyesoma darasa la watoto mia na kitu chini ya bati huwa nakaa nikiwatazama hadi mlinzi anikoholee.

Makumbusho yako Uttarayan, kiwanja chenye nyumba tano alizoishi Tagore kwa zamu. Mzee alikuwa anachoka na nyumba, anajengewa nyingine hatua chache tu pembeni. Udayan ndiyo kubwa na ya kifahari. Usiishie hapo, nenda Shyamali. Ni nyumba ya udongo ya mwaka 1935, ukutani wanafunzi na walimu wa sanaa wamefinyanga watu na wanyama kwa udongo huohuo. Tagore alitaka kuonyesha kwamba nyumba ya udongo si lazima iwe ya aibu. Gandhi naye aliwahi kulala hapo. Ile medali ya Nobel usiitafute kwa hamu: iliibwa mwaka 2004 pamoja na vitu vyake vingine na haijaonekana tena, inayoonyeshwa ni nakala. Naomba walioko karibu na Abdulrazak Gurnah wetu, naye ana Nobel ya fasihi, wamkumbushe kufunga makabati.

Sehemu yako hasa mkuu ni Kala Bhavana, chuo cha sanaa kilichoanza 1919. Mchoraji Nandalal Bose ndiye aliyekilea. Satyajit Ray alisomea uchoraji hapo kabla hajawa mtengeneza filamu. Ni chuo kinachofanya kazi, kwa hiyo omba ruhusa kwa mlinzi, na ukiingia nenda moja kwa moja kwenye kazi za Ramkinkar Baij. Huyu alizaliwa Bankura, 1906, kwenye familia maskini, na alipotaka kufanya sanamu kubwa hakuwa na fedha ya kuisubu kwa shaba, akatumia saruji na changarawe nyekundu ya palepale chini ya miguu yake.

Sanamu ya familia ya Wasanthal ni ya 1938. Wasanthal ni jamii ya wenyeji wa asili wa mashariki mwa India, wakulima na vibarua, na kabla ya hapo hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa aina hiyo anastahili sanamu kubwa uwanjani, sanamu zilikuwa za miungu na magavana. Baba amebeba mzega begani, upande mmoja wa mzega kuna mtoto amekaa kapuni, upande wa pili mzigo wa kumsawazisha. Mama anatembea sambamba naye, mtoto mwingine ubavuni, mkeka na vitu vyake kichwani, mbwa anawafuata. Wanahama, nyumba nzima ni hiyo waliyobeba. Sogea karibu uangalie ngozi yake: haikulainishwa. Kokoto zimetokeza kila mahali, alama za jinsi saruji ilivyorushwa na kubandikwa kwa haraka kabla haijakauka zinaonekana. Ukirudi nyuma hatua kumi ule ukwaruzo unageuka mwendo. Nimewahi kukaa hapo na mwanafunzi aliyekuwa anaichora kwa mkaa, akaniambia kinachomshinda ni miguu, kwa sababu kila akiichora vizuri inasimama.

Pembeni kuna nyingine ya 1956, wanawake wawili wanakimbilia kazini kinuni, king'ora kimeshalia, wanakausha nguo zao kwa upepo huku wakikimbia, mtoto nyuma anawaandama. Mimi naipenda zaidi hii, ingawa wataalamu husifu ile ya kwanza. Humohumo kuna Kalo Bari, bweni la udongo uliopakwa lami, jeusi ti, kuta zote zimejaa michoro ya kufinyangwa. Na ukiruhusiwa kuingia Hindi Bhavana, jengo la masomo ya Kihindi, inua kichwa uone kazi ya Benode Behari Mukherjee ya 1946 hadi 1947: watakatifu na washairi wa India wa zama za kati, msururu wa watu unaozunguka kuta juu ya milango. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Baadaye akapofuka kabisa, na bado mwaka 1972 akatengeneza picha ya vigae kwenye ukuta wa Kala Bhavana. Mwalimu wa sanaa akisimama pale mbele ya vile vigae hahitaji maelezo yangu.

Jumamosi nenda soko la Sonajhuri, kwenye msitu mdogo kando ya makorongo mekundu ya Khoai. Siku hizi lipo karibu kila siku, lakini Jumamosi ndiyo siku yake ya asili. Wahi kabla mabasi ya Kolkata hayajamwaga watu. Nunua kantha, vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na geuza upande wa nyuma: mshono wa mkono hauko sawasawa, wa mashine uko sawa kama rula. Kuna dokra pia, vinyago vya shaba vinavyotengenezwa kwa nta, kila kalibu inavunjwa kwa hiyo hakuna viwili vinavyofanana. Bei punguziwa kidogo, usimnyonge mama wa watu. Beba noti, wenyeji wote wanalipa kwa simu na wewe huna akaunti huko.

Waimbaji wa Baul utawakuta sokoni, kanzu za rangi ya chungwa, ektara yenye uzi mmoja mkononi na njuga miguuni. Sokoni wanaimba zile zinazopendwa na watalii. Ukitaka kuwasikia kweli, msubiri mmoja jua likianza kushuka, watu wakipungua, umnunulie chai ya kikombe cha udongo na umwombe aimbe anayoitaka yeye. Tagore mwenyewe alikaa miguuni pao, wimbo wake ambao leo ni wimbo wa taifa wa Bangladesh ulichukua mahadhi ya Baul mmoja aliyekuwa mpeleka barua.

Kuhusu tamasha la Poush Mela mwishoni mwa Desemba na lile la Basanta wakati wa Holi, sikukuu ya rangi, waliokushauri urudi kwa ajili yake wana nia njema. Watu ni wengi mno na vyumba hupanda bei mara dufu. Nisingeenda. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari, na hapo ndipo wagema wanapogema mitende na kutengeneza sukari guru mpya. Ile kitu ikiwekwa kwenye vitamu vyao vya maziwa, mkuu, utasahau lishe yako.

Chakula omba aloo posto, viazi kwenye rojo la mbegu nyeupe za mpopi, ndicho chakula cha nyumbani cha Birbhum. Kula hukohuko. Kama ndege yako inapitia Dubai usithubutu kutia hizo mbegu kwenye begi, kule zinahesabiwa dawa za kulevya.

Tiketi ya kurudi ikate siku ileile unayokata ya kwenda, Jumamosi jioni kupata kiti ni kazi. Ukikosa, mabasi ya Kolkata yapo Bolpur, ni marefu na yanatikisa, lakini yanafika Esplanade, katikati ya Kolkata.