Mtoto wa Kayumba anapokwenda kufanya usaili wa kidato cha kwanza

Kila mwaka ikikaribia Julai, wazazi wenye watoto darasa la saba huanza kunipigia simu. Wanajua binti yangu alisoma Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, kuanzia la kwanza mpaka la saba, halafu akapita usaili wa shule ya bweni ya wasichana ambako kila kitu ni Kiingereza isipokuwa kipindi cha Kiswahili chenyewe. Wanataka niwatajie tuisheni. Nikiwaambia kilichotusaidia ni karatasi za bure na daftari moja, naona kabisa hawaniamini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi wanayachanganya. Mtihani wa darasa la saba wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa Septemba ndio unaompeleka mtoto shule za serikali, zikiwemo zile za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Huko hununui fomu wala hufanyi mtihani mwingine. Matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule za umma, inapanga nani aende shule gani na unasubiri majina. Seminari na shule za binafsi ni habari nyingine. Kila moja ina fomu yake, tarehe yake na kituo chake cha usaili, na mara nyingi inapima zaidi Kiingereza na Hisabati. Hisabati yenyewe kwa Kiingereza.

Hapo ndipo mtoto wa Kayumba anapoumia, hata akiwa wa kwanza darasani.

Jioni moja nilimpa binti yangu swali kutoka kwenye karatasi ya usaili niliyoazima kwa jirani: "Find the L.C.M. of 12 and 18." Akaliangalia, akaliruka. "Mama, hili hatujafundishwa." Nikamwambia, haya, nitafutie K.D.S. (kigawe kidogo cha shirika) ya 12 na 18. Hata kalamu hakushika. "Thelathini na sita." Nilipomwonyesha kuwa ni swali lile lile alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Miaka saba amefundishwa hesabu vizuri tu na walimu wanaojua kazi yao, leo anaonekana hajui kwa sababu ya herufi tatu.

Kwa hiyo kabla hujalipia mtu wa kumfundisha mtoto hesabu upya, hakikisha kama kweli hajui hesabu. Mpe swali kwa Kiswahili, kisha umpe hilo hilo kwa Kiingereza. Akilipata la kwanza na kukwama la pili, unajua pa kuanzia.

Sisi tulianzia kwenye mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita. Mtihani wa darasa la saba hutolewa kwa Kiswahili na pia kwa Kiingereza kwa ajili ya shule za mchepuo wa Kiingereza. Tafuta karatasi zote mbili za Hisabati za mwaka mmoja, zipo mtandaoni, na steshenari yoyote watakutolea kopi. Mtoto afanye kwanza ya Kiswahili mpaka aielewe. Kesho yake zilazwe mezani ubavu kwa ubavu, asome swali huku, alitafute kule. Daftari linagawanywa katikati kwa mstari: upande huu mzingo, upande ule perimeter, namba tasa, prime numbers, nusukipenyo, radius. Usimwandikie wewe. Anayeandika ndiye anayekumbuka.

Maneno hayo makubwa hayakutusumbua sana, yana mpaka na yanarudi rudi. Vilivyotusumbua ni vijineno vya mafumbo: altogether, left, each, at least. Mtoto anajua kutoa na kujumlisha, ila hajui swali linamtaka afanye lipi. Dawa yake ni kumtungia mafumbo ya nyumbani. Nilikuwa namwandikia moja asubuhi kuhusu sukari, nauli ya bodaboda au trei la mayai, analijibu akirudi shule. Baadaye akawa ananitungia mimi, na Kiingereza chake kikinishinda anacheka mpaka analala chini.

Kuna jambo la pili ambalo tuisheni nyingi hazigusi kwa sababu zinawaandaa watoto kwa NECTA. Sehemu kubwa ya mtihani wa darasa la saba ni kuchagua jibu na kuweka kivuli kwa penseli ya HB. Mtoto akizoea hivyo, anafanya hesabu pembeni kwa mwandiko anaoujua yeye na Mungu wake, anasiliba, anasonga mbele. Kwenye usaili wengi wanataka njia. Ukiandika 36 peke yake unaweza kukosa alama hata kama ni sahihi. Mzoeshe kushuka mstari kwa mstari, alama ya sawasawa chini ya nyingine, na kipimo mwishoni: sentimita, shilingi, kilo.

Insha ya kujieleza usiipuuze, ila usimkaririshe. Walimu wamesoma "My name is... I live in..." mpaka wamechoka. Wa kwangu aliandika jinsi ya kupika maandazi, kwa sentensi fupi ambazo alikuwa na uhakika nazo. Kwenye mahojiano ya ana kwa ana walimwuliza hayo hayo maandazi, na alikuwa na la kusema.

Kuhusu tuisheni sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni mtoto anayetoka kambi ya shule jioni, anaingia tuisheni mpaka saa tatu usiku, halafu Jumamosi anapelekwa kwenye usaili akiwa anasinzia. Wiki ya mwisho funga madaftari mapema. Kama kituo kiko mkoa mwingine, safirini siku moja kabla. Basi la alfajiri likiharibika njiani hakuna atakayewasubiri.

Na kabla ya kununua fomu ya tatu na ya nne, kaa na karatasi upige hesabu za mzazi. Kila fomu ina ada yake, kila usaili una nauli yake, na tarehe nyingine zinagongana. Ulizia ada ya mwaka, michango, sare na orodha ya vifaa (tranka, godoro, ndoo, rimu za karatasi) kabla mtoto hajaipenda shule. Kumwambia mtoto aliyefaulu kuwa pesa haitoshi ni vigumu kuliko kutompeleka kabisa.

Uliza pia hili, na uliandikiwe: shule nyingine hutaka malipo ya awali ili kushika nafasi kabla TAMISEMI haijatoa majina. Ikitokea mtoto amepangiwa Kilakala au Msalato, ambako ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne iliondolewa tangu 2016, pesa yenu inarudi au hairudi? Tulipouliza, shule moja ilisema inarudi nusu, nyingine ikasema hairudi hata senti. Tukalipa kwa ile ya kwanza.