Bibi Shamba Anajibu: Mbeya yote ni shamba, taa za nini?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mi ni mwalimu msaidizi wa kilimo huku Mbeya. Chuoni kuna stoo imekaa tu, nikawaza tuweke shamba la ghorofa, yaani shelfu zenye taa na maji ya mbolea, wanafunzi wafanye vitendo. Mkuu wa idara kanicheka, eti mvua ipo, udongo upo, tuwashe taa za nini? Nimjibu nini? – Mwalimu, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkuu wako ana hoja, ila yeye anawaza mavuno we unawaza darasa. Mahindi huku kwetu kwenye baridi yanakaa shambani hata miezi 6, muhula ni wiki kama 15, mwanafunzi anapanda halafu anafunga chuo hajaona hata gunzi. Saladi ya kwenye shelfu ni wiki 5 au 6 toka mbegu, kwahiyo muhula huohuo anapanda, anaharibu, anapanda tena, na kwenye kuharibu ndo kuna somo.

Niliwahi kukaa na vijana na ndoo zao za kuoteshea kwenye maji ya mbolea, majani machanga yakageuka njano mishipa ikabaki kijani, wote wakapiga kelele mbolea imeisha, ongeza! Tukapima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 7.6, hayana uchachu wa kutosha. Madini ya chuma yamo majini ila mmea hauwezi kuyanyonya. Tukaishusha mpaka 6, majani yaliyofuata yakatoka kijani safi (yale ya njano yakabaki vilevile, usidanganyike). Shambani mngebishana wiki nzima kama ni mvua au mdudu.

Na mwambie mkuu hata wazo lenyewe lilikuzwa darasani, mwaka 1999, Profesa Dickson Despommier na wanafunzi wake pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walianza kwa kupiga hesabu za kulima juu ya mapaa, wakaona hazitoshi kulisha watu wa mjini, ndo wakahamia ndani ya majengo.

Sasa usianze kwa mbwembwe. Shelfu moja, taa za LED, ndoo zipakwe rangi nyeusi maana mwanga ukiingia majini unafuga mwani. Mizizi ielee kwenye maji yenye pampu ya hewa kama ya kufugia samaki, achana na yale mabomba yenye maji membamba yanayotiririka, umeme ukikatika mchana kutwa mizizi inakauka. Urea na DAP za dukani usimwage humo, tafuta mbolea inayoyeyuka yote, na ile ya kalsiamu iwe kwenye chombo chake, ukiichanganya ikiwa nzito na ya fosfeti inaganda nyeupe chini kama chokaa.

Ila usiwaahidi vijana utajiri. Taa za wati 100 zikiwaka saa 16 kwa siku ni yuniti 1.6, siku 35 yuniti 56. Wape risiti ya LUKU, watume sokoni Mwanjelwa wakaulize bei ya fungu la saladi, halafu wakuletee hesabu.