Kunakili, kuandika au kusakinisha Linux?

SWALI: Nafundisha vijana ufundi wa kompyuta, na tunatumia Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, pamoja na mfumo endeshi wa Linux. Katika karatasi ya maelekezo niliandika: "Pakua Linux, inakili kwenye memori kadi, ingiza kadi, washa kompyuta. Ukimaliza, zima." Vijana walifuata neno kwa neno, na kwa wengi mfumo haukupanda, yaani kompyuta iliwaka bila kuanza kazi. Mwalimu mwenzangu anasema kosa ni la Kiswahili changu, ningeandika "sakinisha". Je, maneno haya si mamoja?

JIBU: Si mamoja. Mwenzako ameliona tatizo, ila neno analopendekeza halitawasaidia vijana wako katika hatua hiyo.

Tuanze na "nakili". Kunakili ni kutoa kitu cha pili kilicho sawa na cha kwanza, na faili likinakiliwa hubaki faili. Kijana wako amepakua faili ambalo jina lake linaishia na .img. Ukimwambia anakili, atafanya afanyavyo kila siku kwa picha na nyimbo: atalishika kwa kipanya na kulidondosha kwenye kadi. Amekutii kikamilifu. Lakini Raspberry Pi 3 ikipata umeme hutafuta kwenye sehemu ya kwanza ya kadi faili za kuanzia, mojawapo likiitwa bootcode.bin. Haikuti kitu hicho, inakuta faili moja kubwa isiloweza kulifungua. Taa nyekundu inawaka, mfumo haupandi.

Kinachotakiwa ni kulifumua faili lile na kuyapanga yaliyomo juu ya kadi, baiti kwa baiti, tangu mwanzo wa kadi. Tendo hilo Kiswahili kinalo neno lake, nalo ni "andika". Wako watakaopinga kwamba kuandika ni kwa kalamu. Hao wakumbuke kwamba tunaandika meza pia, yaani tunaweka sahani, bilauri na vijiko kila kimoja mahali pake kabla ya wageni kuketi. Maana hiyo ya kupanga vitu mahali pake ndiyo tunayoihitaji hapa. Hatua hiyo basi isomeke: "Andika taswira ya mfumo kwenye kadi kwa programu ya Raspberry Pi Imager." Waeleze kwamba taswira hapa si picha ya kutazama, ni nakala ya diski nzima iliyofungwa katika faili moja.

Uwaonyeshe na matokeo yake. Kadi iliyoandikwa huwa na sehemu mbili: ndogo ya FAT32 yenye faili za kuanzia, na nyingine ya ext4 yenye Linux yenyewe (FAT32 na ext4 ni namna mbili za kupanga faili kwenye diski). Windows huisoma ile ndogo tu, kwa hiyo kadi ya GB 32 huonekana kama imesinyaa, na mara nyingine Windows huuliza kama uifomati, yaani uifute na kuiandaa upya, ile isiyoisoma. Kijana akatae, maana akikubali amefuta kazi yote.

"Sakinisha" ni neno zuri. Limetokana na "sakini", yaani kukaa mahali, kufanya maskani; kusakinisha ni kukifanya kitu kikae. Kwenye kompyuta ya mezani linafaa kabisa, kwa sababu kuna programu inayokuuliza lugha, saa na diski, kisha inauweka mfumo kipande kwa kipande. Katika taswira ya Raspberry Pi mfumo umekwisha kusakinishwa na walioutengeneza; wewe unauhamishia kwenye kadi. Litumie basi kwenye kichwa cha karatasi, "Kusakinisha Linux kwenye Raspberry Pi", kwa kuwa ndilo jina la kazi nzima, lakini usilifanye amri ya hatua moja.

Mafundi mtaani husema "kupiga window" na "kuflashi", na wateja wao huwaelewa. Sina ugomvi na lugha ya kazini. Ninachokishauri ni kuliacha "kuchoma", tulilolizoea enzi za CD, hasa kwenye karatasi yenye neno "chomeka". Mwanafunzi atakayesoma "choma kadi" na "chomeka kadi" mistari miwili mfululizo atachanganyikiwa bila sababu. Na hilo "chomeka" ulipendelee kuliko "ingiza": lina mwenzake "chomoa", na linaonyesha namna ya kuisukuma kadi ndani ya tundu lake chini ya bodi, upande wenye vipande vya rangi ya dhahabu ukielekea bodi.

Hukuniuliza kuhusu "zima", lakini ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika karatasi yako. Kwa Kiswahili tunazima taa, redio na jiko, na kote huko kukata umeme kunatosha. Raspberry Pi 3 haina swichi. Ukimwambia kijana "zima", atachomoa waya, na kama wakati huo mfumo unaandika jambo kwenye kadi, faili zinaweza kuharibika kiasi kwamba siku ya pili kadi haipandi tena. Tenganisha matendo hayo mawili: "Zima mfumo kwa amri sudo poweroff. Ngoja taa ya kijani iache kumetameta. Kisha chomoa waya wa umeme."