Fundi Anajibu: Gari Lililozoea Joto Linapoingia Kwenye Theluji

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Amerika Kaskazini, na zote tatu zinahusu namna ya kuliandaa gari kabla baridi kali haijaingia. Tumezifupisha kidogo.

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro na sasa ninaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Mwezi Agosti nilinunua gari dogo la petroli kwa mtu aliyelitumia Texas kwa miaka mingi. Wenzangu wananiambia ninunue matairi ya theluji tu, mengine yatajipa. Je, inatosha? Nyumbani tulikuwa tukijaza maji ya bomba kwenye rejeta na gari halikuwahi kutusumbua.

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu, na sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonishtua zaidi. Matairi yanaweza kusubiri mshahara ujao, lakini rejeta haiwezi. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na kwa kuwa ndani ya injini hayana pa kwenda, hupasua rejeta, au vibaya zaidi hupasua bloku ya injini, hasara ambayo kwa gari kuukuu huweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Mjini kwako usiku wa Januari wa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri si jambo la ajabu, na gari lililoishi kwenye joto huenda limekuwa likiongezewa maji matupu kila kiangazi bila mtu kujali, maana kule halikudhurika.

Usiridhike kwa kutazama rangi. Kulanti, yaani kimiminika cha rejeta kinachozuia maji yasigande, ikizimuliwa kwa maji mengi bado huonekana ya kijani au nyekundu, ikamdanganya mwenye gari na hata fundi mwenye haraka. Nunua kipimo cha kulanti kwenye duka la spea. Ni kibomba cha plastiki chenye mpira wa kufyonzea na mshale ndani yake, na bei yake ni ndogo. Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, fyonza, kisha usome mshale. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri na pasi, huhimili hadi takriban nyuzi 37 chini ya sifuri, ambazo kwenye vipimo vya Marekani husomeka kama 34 chini ya sifuri za Farenhaiti. Wala usifikiri kwamba kulanti tupu itakulinda zaidi, kwa sababu isipochanganywa huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, mapema sana kuliko ile iliyochanganywa. Kama hujui kilichomo, mwage yote, usafishe mfumo mzima na ujaze upya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Linalofuata ni betri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa chini ya nusu ya nguvu inayotoa siku ya joto, na wakati huohuo oili iliyoganda ganda huifanya injini iwe nzito kuzungusha. Joto la Texas ndilo linaloidhoofisha betri. Baridi ya Minnesota huja kutoa taarifa tu. Maduka mengi ya spea huko hupima betri bila malipo, kwa hiyo ipeleke mwezi Oktoba, si siku utakayochelewa kazini. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, fungua waya, ukianza na ule wa hasi, usugue kwa brashi na maji yenye bikaboneti ya soda, ukaushe, kisha ukaze upya. Betri iliyoishiwa chaji huganda upesi, na ikiwa imeganda usiichaji wala usiiunganishe na ya gari lingine, maana inaweza kulipuka.

Oili ni suala jepesi: kama kitabu cha gari kinaruhusu, tumia yenye 0W au 5W, kwani namba iliyo mbele ya herufi W ikiwa ndogo, oili hutiririka kwa urahisi zaidi katika baridi. Maji ya waipa nayo yabadilishe kwa yale yaliyoandikwa kwamba yanahimili angalau nyuzi 29 chini ya sifuri. Kioo kikiganda barafu, tumia kikwaruzo na hita. Maji ya moto yanaweza kukipasua. Na kwa kuwa wengi hapo mjini huegesha kando ya barabara, fahamu kwamba jiji likitangaza dharura ya theluji, upande unaoruhusiwa kuegesha hubadilika kwa siku tatu mfululizo, na gari lisilohamishwa huvutwa kwa gharama ya mwenyewe.

SWALI: Bwana Fundi, mimi ninatoka Bukavu, ninaishi Montreal. Gari langu huvuta kwa magurudumu yote manne na matairi yake yana alama ya M+S, yaani ya tope na theluji. Je, bado ninalazimika kununua mengine?

JIBU: Ndiyo, bwana. Sheria ya Quebec inataka gari liwe na matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, na alama ya M+S peke yake haikubaliki. Tafuta ubavuni mwa tairi mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukikamatwa bila hayo, faini ni kati ya dola 200 na 300.

Hata hivyo mimi ningekushauri vivyo hivyo kama sheria isingekuwapo. Kuvuta kwa magurudumu manne hukusaidia kuondoka, wala hakukusaidii kusimama, na watu wengi huligundua hilo kwenye makutano ya barabara. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, kabla hata theluji haijaanguka, ilhali ule wa tairi la baridi hubaki laini na kushika. Weka manne, kamwe usiweke mawili, kwa sababu mbele ikishika na nyuma ikateleza gari litazunguka. Kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zikibaki chini ya milimita 4, tairi hilo halifai tena kwenye theluji. Upepo nao upime asubuhi kabla ya kutembea, kwa kuwa hupungua takriban pauni moja kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka.

SWALI: Fundi wetu, hujambo. Tuko Portland, Maine. Mume wangu huwasha gari ndani ya gereji na kuliacha lingurume dakika ishirini kila asubuhi, akisema injini isipopashwa moto itakufa. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, si kweli, na ndani ya gereji ni hatari. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hupenya hadi vyumbani hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Mwambie alitoe nje kwanza. Injini za kisasa zinahitaji dakika moja hivi, kisha gari liendeshwe polepole hadi lipate joto. Hatari hiyohiyo ipo mkikwama njiani: kabla ya kuwasha injini ili mpate joto, ondoeni theluji iliyoziba ekzosi, washeni kwa dakika kumi hivi kila saa, na mwache dirisha moja wazi kidogo, upande usiopigwa na upepo.