Mwanangu, nenda kwa huyo daktari, ila methotrekseti usiiache kienyeji

Mwanangu Rehema,

Voisi yako nimeisikiliza, mara ya kwanza nilikuwa sokoni Mgandini na makelele yale sikuambulia kitu, nikaja kuirudia nyumbani. Yaani vidole vimevimba tena, daktari wako wa viungo anataka kupandisha dozi ya methotrekseti, na wewe umempata mwingine hapo hapo Columbus, Marekani, wa hii fankshono medisini, anakwambia ugonjwa umeanzia tumboni, ukibadili chakula na ukinywa virutubisho vyake kinga ya mwili itaacha kushambulia viungo vyako na dawa utaziweka pembeni. Unaniuliza niende mama au nisiende, na umeniuliza mie kwa vile baridi yabisi hii tunayo wote wawili.

Nenda. Ila methotrekseti usiiache kwa neno lake, na sababu zangu nakupa hapa, ukae usome taratibu usije ukasoma juu juu kama unavyosomaga meseji zangu.

Kwanza sikushangai kwanini umempenda. Mtu amekaa na wewe saa nzima, kakuuliza unalala vipi, unakula nini, choo kikoje, stresi za kazini, mpaka ulivyokuwa mdogo uliumwa nini. Sisi huku nakamata basi alfajiri mpaka Dar, nakaa kwenye benchi nusu siku, daktari akiniita anabonyeza vidole anaangalia majibu ya damu anaandika, mwingine aingie. Simlaumu, mabingwa wa viungo nchi hii wanahesabika na foleni iko nje. Lakini mgonjwa anataka kusikilizwa, io lazima tuseme ukweli, na hao wa fankshono kwenye kusikiliza wamewashinda hawa wetu.

Na si waganga wa vichochoroni, usije ukadhani mama yako anawaona hivyo. Taasisi yao ilianzishwa 1991 na msomi wa baiokemia anaitwa Jeffrey Bland, na Cleveland Clinic hapo hapo Ohio kwenu walifungua kituo chao cha hiyo fani 2014. Habari za utumbo nazo si hadithi, 2013 watafiti wa New York waliona watu wenye baridi yabisi mpya ambao hawajaanza dawa wengi wana aina fulani ya bakteria tumboni kuliko wenzao wazima. Kuona hivyo ni kitu kimoja, kusema basi nikikusafisha tumbo umepona ni kingine kabisa, hapo katikati pamerukwa. Alafu fankshono haimo kwenye orodha ya ubingwa unaotambuliwa na bodi ya mabingwa ya Marekani, kwa hiyo anayejiita hivyo anaweza akawa daktari kamili na anaweza akawa mnyoosha mgongo aliyesoma kozi. Muulize kasomea nini, usione haya, pesa ni yako na bima mara nyingi haigusi.

Sasa hii orodha ya chakula uliyonitumia nimecheka peke yangu. Usile wali, usile ugali, maharage hapana, mayai hapana, maziwa, karanga, nyanya, bilinganya, pilipili, mbatata, vyote hapana. Nikasema huyu mtoto wa Tanga atakula nini, nazi na samaki? Kumbe ndo vilivyoruhusiwa, nazi na samaki! Haya kula, samaki wa mafuta wana faida kwenye viungo, hilo hata utafiti wa kawaida unakubali kidogo. Lakini hizo hapana zote zinatakiwa ziwe za wiki kadhaa alafu unarudisha kimoja kimoja uone kipi kinakusumbua, si ukae mwaka mzima unakonda, wewe mwenyewe mwembamba tangu zamani. Mtoto wa mamdogo wako anayesoma famasia kanisomea mwongozo wa madaktari wa viungo wa huko kwenu wa 2022, walichokisisitiza kwa nguvu ni mazoezi, kwenye chakula wakasema ule kama watu wa Mediterania, yaani mbogamboga, samaki, mafuta ya zeituni, kunde, na diet nyingine zenye majina pamoja na virutubisho hawakuviunga mkono. Kwa hiyo mchicha na samaki na kutembea jioni ndo dawa ya bure waliyokubaliana wote, anza hapo.

Hicho kipimo cha damu cha vyakula themanini usilipie. Kile kinaangalia IgG, aina ya kingamwili iliyomo kwenye damu, na IgG ya chakula inaonyesha tu kwamba chakula hicho umekila, sasa wewe unakula wali kila siku lazima kije wali. Vyama vya madaktari wa aleji vya Marekani na Ulaya vyote vimesema kisitumike kuamua mtu ale nini.

Na hivi vidonge vya manjano. Manjano kwenye mchuzi haina neno, weka tu, tumekula miaka yote. Lakini vidonge vile wamekoleza manjano na kuchanganya na pilipili manga makusudi ili mwili uinyonye kwa wingi, na huko kwenu kuna watu vimewaumiza ini, madaktari wameandika. Na wewe methotrekseti yenyewe tayari inapimiwa ini kila baada ya miezi, sasa vipimo vya ini vikipanda utajuaje nani kavipandisha? Ndo maana nasema daktari wa viungo aone kila chupa, usimfiche hata moja kwa kuogopa atakucheka.

Kuna jambo moja nalikazania. Chakula kikikufaa maumivu yanaweza kupungua kweli, mwili ukawa mwepesi, ukalala vizuri, ukasema nimepona. Lakini baridi yabisi ina vitu viwili, kuna maumivu na kuna kule kuliwa kwa mfupa ndani ya kiungo, na hivi viwili haviendi pamoja siku zote. Kidole kinaweza kisiume sana huku kinaharibika. Angalia mkono wangu wa kulia kwenye picha za Idi, vile vidole vilivyolala upande wa kidole kidogo, havikulala siku moja. Mie nilizungushwa miaka natibiwa malaria, taifodi, mara ni uzee, na nilikuwa hata arobaini sijafika, asubuhi naamka mkono umekaza siwezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai mpaka jua lipande. Jina la ugonjwa lilipokuja kupatikana vidole vishapinda, na methotrekseti imesimamisha pale pale vilipofika lakini kunyoosha haikunyoosha, hakuna dawa inayonyoosha. Mbuzi ya nazi siigusi mpaka leo, anakuna dada wa kazi. Vyako bado vimenyooka, mwanangu, ulipewa dawa mapema.

Najua huyo wa fankshono alikwambia methotrekseti ni sumu ya kansa. Ni kweli inatibu kansa, haikufichwa, lakini kule wanapiga dozi kubwa mara nyingi sana kuliko hii, sisi tunakunywa miligramu chache tena mara moja kwa WIKI, na vidonge vya foliki juu yake vya kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Huko kwenu imeruhusiwa kwa baridi yabisi tangu 1988. Hatari yake kubwa ni mtu kujisahau akanywa kila siku, hapo inaweza kuua, kwa hiyo ng'ang'ania siku yako ileile. Mie yangu Ijumaa, nikitoka kuswali nakunywa.

Huku nako tumeona mengi ya kuacha dawa. 2011 nchi nzima ilihamia Samunge kule Loliondo kwa Babu Ambilikile, kikombe cha dawa yake ya asili shilingi 500, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita, watu wakaacha ARV na dawa za sukari. Na stendi hapa wanauza unga wa mizizi wa viungo, jirani yetu mmoja alikunywa akapona usiku mmoja, tukamshangaa wote, baada ya miezi uso umejaa mviringo, mashavu yamewaka na sukari juu, hospitali wakamwambia hiyo dalili ya steroidi, mtu kasagia prednisoloni, ndo steroidi yenyewe, humo ndani. Alafu na kuacha ghafla hawezi kwa sababu mwili ushazoea, lazima apunguziwe kidogo kidogo. Sisemi huyo wa kwako anafanya hivyo, nasema dawa ya asili ikifanya kazi haraka mno uliza mara mbili. Na anayekuandikia dawa ndo huyo huyo anayekuuzia chupa mezani kwake, io mie inanipa shida hata angekuwa malaika.

Sasa nije kwenye kile ulichokisema mwisho mwisho haraka haraka ukidhani sijakisikia. Ulisema "na pia mama sisi tunataka mtoto, na hii dawa hairuhusu." Hapo ndo nimeelewa safari yote hii inatoka wapi. Ni kweli hairuhusu, methotrekseti inaharibu mimba na inalemaza mtoto, inatakiwa iachwe mapema kabla hamjaanza kutafuta, hata miezi mitatu. Lakini kwa hilo hauhitaji fankshono wala kula nazi mwaka mzima! Mwambie daktari wa viungo waziwazi kwamba mwaka huu mnataka mtoto, atakubadilishia. Ziko zinazokubalika na mimba, kuna haidroksiklorokwini, ndugu yake ile klorokwini ya malaria tuliyokunywa zamani ikituwasha mwili mzima, na kuna salfasalazini. Ila salfasalazini mwenyewe asipewe mkwe wangu, inapunguza mbegu kwa wanaume, nasema tu ujue. Viungo vikiwa vimetulia ndo mimba inakaa vizuri, ugonjwa ukiwa umewaka hata kushika mimba kunakuwa kugumu. Mpaka hapo endeleeni kujikinga, na siku zako zikichelewa usinywe dozi inayofuata, piga simu kliniki siku ileile.

Kwa hiyo jumatatu mpigie wa viungo kwanza kabla ya huyo mpya, mwambie habari ya mtoto. Alafu nitumie picha za hizo chupa, upande wa nyuma wenye maandishi madogo, nimpe huyu wa famasia azisome moja moja. Baba yako anauliza zile pesa za mabati umetuma au bado, mie nimemwambia asikusumbue lakini nshakwambia.

Mama yako