Barua kwa mwanangu: Nani aliiangusha Roma?

Mwanangu Salma,

Barua yako tumeipata na tumefurahi kusikia kuwa nyote hamjambo. Umeniuliza, kutokana na ubishi uliozuka kati yako na wenzako kazini, kama dola la Roma liliangushwa na makabila yaliyolivamia kutoka nje au liliharibiwa na watawala wake wenyewe. Nitafika huko, lakini unanijua: siwezi kueleza jinsi watu walivyoanguka kabla sijaridhika kwamba tunaelewa kilichowainua.

Msimamo wangu ni uleule mliouchoka tangu mkiwa shule ya msingi: Roma ilipanda kwa sababu iliweza kumgeuza adui wa jana kuwa raia wa leo. Watu husifu majeshi yake, lakini mwaka 216 KK Hannibal, jemadari wa Karthago, mji hasimu wa Roma huko Afrika Kaskazini, aliliangamiza jeshi hilohilo pale Cannae, kusini mwa Italia, makumi ya maelfu ya askari wakafa kwa siku moja, na bado Roma haikusalimu amri. Capua na miji mingine ya kusini ilimkimbilia Hannibal, ila Walatini, majirani wa Roma, na washirika wengi wa Italia ya kati hawakuondoka, kwa kuwa zilikuwepo haki walizokwisha kuzipata na nyingine walizozitarajia. Kaisari Claudius alilielewa jambo hili vizuri. Mwaka 48 BK, wajumbe wa seneti waliponung'unika kuhusu kuwapokea wakuu wa Galia (Ufaransa ya leo), aliwahutubia akitetea desturi ya kuwaingiza wageni, na maneno yake yakachongwa kwenye bamba la shaba lililofukuliwa Lyon mwaka 1528. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, anaposimulia hotuba hiyo, anamfanya aulize kilichoiponza Sparta na Athene kama si kuwatenga wale walioshindwa vitani.

Hata hivyo sijidanganyi. Karthago iliteketezwa mwaka 146 KK na waliosalia wakauzwa utumwani, na washirika wa Italia walilazimika kushika silaha mwaka 91 KK ndipo wapewe uraia, hivyo ukarimu huo ulikuwa na mipaka na mara nyingine ulipatikana kwa damu. Halafu yuko Kaisari Caracalla, ambaye mwaka 212 alitoa uraia kwa karibu kila mtu huru ndani ya dola. Kama ningekuwa sahihi moja kwa moja, dola lingeimarika. Badala yake, kuanzia mwaka 235 makaisari walipinduana na kuuana kwa takriban miaka 50, na sarafu ya fedha ikachanganywa na shaba mpaka fedha yenyewe ikabaki ya kupakwa juu tu. Hapo ndipo baba yako, ambaye kwake hata harusi ni suala la hesabu, hunishinda.

Lakini lipo jambo la mwaka 376 ambalo siwezi kuliacha, na unajua kwa nini. Wagothi, kabila la Kijerumani lililoishi nje ya mipaka ya dola, wakiwakimbia Wahunni, wapanda farasi kutoka mashariki, walifika kwenye ukingo wa mto Danube wakaomba kuvuka na kupewa ardhi, na Kaisari Valens akakubali, kwa kuwa alihitaji askari. Maofisa waliokabidhiwa kazi ya kuwapokea walijitajirisha kwa njaa yao. Ammianus Marcellinus, askari wa zamani aliyeishi zama hizohizo, ameandika kwamba walikusanya mbwa wa kuliwa na kumtoa kila mbwa kwa mtu mmoja wa kufanywa mtumwa, na miongoni mwa waliotolewa walikuwemo watoto wa machifu. Nilikuwa nalieleza hilo darasani siku ile mkaguzi alipoketi nyuma. Alisimama, akatangaza mbele ya wanafunzi wangu kwamba hadithi za mbwa hazimo kwenye muhtasari, akaamuru mistari ile ikatwe katika madaftari. Nilisimama na chaki mkononi nikisikia rula zikigonga madawati. Msichana mmoja wa mbele, kabla hajachora mstari wake, akauliza: "Mwalimu, kama wangepewa chakula, wangepigana?" Mkaguzi akamwambia akae. Hasira ile haijaniisha, kwani lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani, na sikuruhusiwa kulijibu.

Ningemjibu kwa yaliyofuata. Tarehe 9 Agosti 378, watu walewale waliouziwa mbwa walimuua Valens karibu na Adrianople pamoja na takriban theluthi mbili ya jeshi lake. Alaric, kiongozi wa Wagothi aliyeipora Roma kwa siku tatu mwaka 410, alikuwa amepigana upande wa Kaisari Theodosius mwaka 394, na kwa miaka mingi alichodai ni cheo, malipo na ardhi ya watu wake. Mwaka 408 Warumi waliwachinja wake na watoto wa askari wenye asili ya kigeni waliokuwa wakiwatumikia, na maelfu ya askari hao wakahamia kwa Alaric. Sasa niambie, hao tuwaite watu wa nje au wa ndani?

Ndiyo maana siwezi kukupa ushindi, ingawa ulimi unaniwasha. Baba yako husema kuwa pigo lenyewe lilikuwa mwaka 439, Wavandali, kabila jingine la Kijerumani, walipoiteka Karthago na Roma ikapoteza nafaka na kodi ya Afrika, maana asiye na kodi hana jeshi. Kwa hilo sina jibu linaloniridhisha. Upande wa mashariki wa dola, uliokuwa na kaisari wake huko Konstantinopoli, ndio ulioonja Wagothi kwanza, lakini ulibaki na kodi ya Misri kwa miaka 200 zaidi, na mji huo ukadumu mpaka mwaka 1453. Wenzako wakikutajia kijana Romulus Augustulus, kaisari wa magharibi aliyeondolewa mwaka 476, waambie hiyo ni habari ya nusu ya dola, kisha waulize swali la yule msichana.

Baba yako anasoma haya begani kwangu na anataka niongeze habari za meli za ngano. Nimemwambia akuandikie barua yake mwenyewe.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako